Mtoto Mwenye Adabu Kupita Kiasi

Mwanangu Shemsa alizaliwa akilia kwa mkono mmoja. Wa kushoto ulipanda juu, ukapiga hewa, ukamtukana kila aliyekuwamo chumbani. Wa kulia ulilala pembeni kimya, kiganja kimegeukia nyuma, kama kijana anayemficha baba yake sigara.

Naandika haya kwa ajili ya mzazi ambaye leo amekaa kwenye benchi la ukumbi wa hospitali na kila baada ya muda anafunua kanga kuangalia kama mkono umecheza. Najua unaangalia. Mimi niliangalia mpaka mtoto naye akaanza kuniangalia mimi, akijiuliza huyu mtu ana shida gani. Mambo ya kitabibu sitakueleza. Nilisoma mpaka kidato cha nne, tena kwenye kambi ya wakimbizi huko Kigoma, na kwenye mtihani wa biolojia nilipoambiwa nichore neva, mwalimu aliandika pembeni: "Muhogo mzuri." Nitakueleza tu tulivyoishi.

Kwanza ujue kwamba mimi ni mtu wa ndani. Wazazi wangu waliporudi Burundi kutoka Tanzania walikwenda kulima Giteranyi, kaskazini kabisa mwa Muyinga. Mimi nikaja Gitega, nikaoa mtaa wa Nyamugari, nikaona nimeshatembea vya kutosha kwa maisha yangu yote. Kazi yangu ni kukaanga chapati na maandazi kwenye kibaraza cha nyumba. Wateja wanakuja, mimi siendi. Mke wangu Mwamini anauza vitenge sokoni, na anapenda kuwaambia watu kwamba nikifa nizikwe uani, maana makaburini ni mbali, nitachoka njiani. Kwa hiyo Mwamini alipopata nguvu na kurudi sokoni, mtoto alibaki na mimi. Na mkono ule ukabaki na mimi.

Watu wengi waliniuliza nani alaumiwe. Shemsa alikuwa mtoto mkubwa. Kichwa kilitoka, bega likakwama, hewa ikaanza kumwishia, na mkunga akafanya alichopaswa kufanya, tena haraka. Alimvuta mtoto kutoka kwenye kifo, na mishipa ya fahamu ya shingoni ndiyo iliyolipa nauli. Mimi sina ugomvi na mkunga. Kila nikimwona njiani namsalimia, ingawa njiani kwenyewe sipitipiti.

Tulianza kwenda hospitali wakati wa mvua. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwetu anaitwa kine, na wetu alikuwa mama mmoja mzaliwa wa Bugendana, jina lake Esperansi, mwenye vidole vifupi na sauti ya mtu aliyezoea kumwita mwenzake aliyeko mlima wa pili. Ukumbini kwake kila mtu alijua nani amekuja na nini. Mle nilijifunza kwamba benchi la hospitali lina tabia yake: ukikaa kwenye ncha, mwenzako akiinuka ghafla unaanguka. Nilianguka nikiwa na mtoto kifuani, nikamwinua juu kama mtu anayeokoa redio kwenye mafuriko. Ukumbi mzima ukacheka. Shemsa pia alinitazama kwa makini, nadhani ndiyo siku aliyonielewa.

Esperansi alimlaza mtoto mezani, akamgusa bega, kiwiko, kiganja. Vidole vilimkamata. Kiwiko hakikujibu. Bega halikujibu.

"Mukono haikufa," akasema. "Iko nalala. Lakini kule ndani, kwenye mizizi, kuna benye banakufa."

"Kina nani wanakufa?" nikauliza.

"Chembe, papa. Chembe za neva."

Akanieleza, nami nikamuuliza, akanieleza tena, foleni ikanuna nyuma yetu. Nilivyoelewa ni hivi. Chembe zinazoutuma mkono zinakaa ndani ya uti wa mgongo, na kila wakati zinapata habari kutoka kwenye msuli: nipo, nipo, nipo. Neva ikivutwa ikakatika, habari zinakoma. Chembe ya mtu mzima inavumilia, inangoja hata miezi. Ya mtoto mchanga haijajifunza kungoja. Ikisikia kimya inadhani haina kazi duniani, inajizima.

"Zinakufa kwa upweke?" nikasema.

"Unaweza kusema vile."

"Zote?"

"Zote hapana. Zenye zitakufa hazirudi. Zenye zitabaki, hizo ndo tutafanya nazo kazi. Na ubongo nayo tuiangalie. Ubongo ya mutoto iko nachora ramani ya mwili sasa hivi. Mukono isipoleta habari, ramani itachorwa bila yeye."

Jioni nilimsimulia Mwamini yote hayo kwa Kiswahili changu cha Tanzania ambacho yeye anakiita Kiswahili ya kwenye redio. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Donc we ungekuwa chembe," akasema, "ungeishi milele. Upweke ndo chakula yako."

Akacheka, mara ya kwanza tangu ajifungue.

Kazi tuliyopewa ilikuwa ndogo na haiishi: usimwinue mtoto kwa mikono, ukimbadilisha nguo uukunje na kuukunjua mkono polepole, uuguse na vitu mbalimbali ili upeleke habari. Hapo nilipata starehe ambayo sikuitegemea. Niliugusa kwa unga. Niliugusa kwa kitambaa cha moto, kwa nyoya la kuku, kwa ganda la ndizi, kwa donge baridi la chapati. Kila kitu nilikipitisha kwanza mkono wa kushoto, nione uso wake unasema nini, kisha wa kulia. Kwa nyoya, vidole vya kulia vilifunguka. Kwa ndevu zangu, alipiga chafya. Sijui chafya ilimaanisha nini kitaalamu. Esperansi naye alisema hajui, ila ninyoe.

Mtoto nilimbeba mgongoni, mkono wake nimeuingiza vizuri ndani ya kitenge usining'inie, huku nasukuma chapati. Akina mama wa Nyamugari walipata mchezo wa mwaka mzima.

"Baba Shemsa! Na wa pili utajifungua lini?"

"Mwacheni, iko na kiungulia, mutamuchokoza."

Mama yangu, Bibi wa Giteranyi, alipiga simu kila Ijumaa. Yeye alitaka mkono usuguliwe samli na uvutwe, uvutwe hasa, mpaka ukae mahali pake. Nilimwambia kuvuta ndiko kulikotufikisha hapa.

"Mimi nilikulea wewe ukiwa na mikono yako yote miwili," akasema, "na mbona hujawahi kushika jembe?"



Mwamini ndiye aliyenitia wasiwasi. Alikuwa anarudi kutoka sokoni, anamnyonyesha mtoto, anamrudisha kwangu. Kumwogesha hataki. Kumvika nguo ya mikono mirefu hataki. Nilidhani anaukimbia mkono, na tuligombana kwa yale maneno madogo madogo ya chumvi imezidi na ndoo haijajazwa. Mchana mmoja wa mvua soko lilitawanyika akarudi mapema. Nilitoka kuanua kuni, niliporudi nikamkuta amekaa mkekani ameuweka ule mkono shavuni kwake.

"Iko na joto," akasema bila kuniangalia. "Mi nilifikiri itakuwa baridi. Niliogopa kuishika, niliona itakuwa baridi kama ya maiti."

Tangu siku ile alimwogesha yeye. Wewe uliye kwenye benchi, kama mwenzako hataki kuushika mkono, usimhukumu haraka. Muulize anaogopa atakuta nini.

Mtoto alipoanza kukaa, Esperansi alitupa mtihani. Tulete kitu ambacho Shemsa anakipenda. Yeye atamshikia kiwiko kikae ubavuni, tuone kama mkono utakileta kile kitu mdomoni. Ukishindwa mpaka msimu wa kuvuna maharage umepita, basi ni upasuaji, na upasuaji wa neva ndogo namna ile haukuwa wa Gitega. Ungetupeleka nje ya nchi. Mimi ambaye sokoni kwenyewe nasindikizwa.

Nilibeba andazi, kwa sababu kama ningeleta biskuti ya dukani ningejidharau. Mara ya kwanza Shemsa alilishika vizuri kwa mkono wa kulia, akalitazama kwa mapenzi, mkono ukakataa. Basi akainamisha kichwa, akainama, akainama, mpaka akalifuata andazi lilipo. Akala.

"Iko na akili," Esperansi akasema, lakini hakutabasamu. "Mais mukono haikufanya kitu. Mwezi ujao."

Mvua zikakatika. Maharage yakavunwa, Gitega yote ikanuka vumbi la maganda. Tulirudi. Siku hiyo Mwamini alifunga meza yake sokoni akaja, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Shemsa akashika andazi. Kiwiko kikatoroka kutoka mkononi mwa Esperansi, kikapanda pembeni kama bawa la kuku. Andazi likatetemeka, likapita kidevu, likagonga pua, likaingia mdomoni.

"Voilà," akasema Esperansi. "Neva zimeota. Zingine zimekosea, zimeingia nyumba isiyo yao, ndo maana kiwiko iko napanda. Lakini zimefika."

Mkono wa kulia ukala, mama yake akalia. Nilifikiri: kulia na kulia, Kiswahili kilijua tangu zamani.

Na hapa ndipo tulipopotea, kwa hiyo soma polepole. Sisi tulidhani kufika kwa neva ndio mwisho wa safari. Tulisahau yule mchora ramani, ubongo.

Kwetu Waislamu, na kwa Warundi wote kwa kweli, mtoto akipokea kitu kwa mkono wa kushoto anarudishwa pale pale. Hata kama ni punje ya karanga. Shemsa alipoanza kutembea na kupokea vitu, tukaanza na sisi: "Kulia, Shemsa! Kulia!" Naye akatii. Alitii mno.

Idi ilipofika tulikwenda Giteranyi. Safari sitaisimulia, mtu wa ndani akisimulia safari anaonekana mwongo. Itoshe kusema kwamba kutoka Muyinga mjini tulipanda pikipiki kwenye vinjia vya miguu, na nilimfumbia macho kila mwendesha baiskeli aliyekuwa anatelemka na mikungu ya ndizi, ili kama ananigonga nisijue. Uani kwa mama yangu majirani walishajaa. Na mwanangu, ambaye kutembea kwenyewe alikuwa bado anayumba, akamwendea mzee wa kwanza, akanyoosha mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akakishika kiwiko cha kulia kutoka chini.

Kama hujakaa Burundi hutaelewa kishindo chake. Ndivyo mtu mwenye heshima anavyomsalimia mkubwa: wa kulia unatoa, wa kushoto unaushika mkono huo, kuonyesha kwamba unatoa kwa uzito wako wote. Watoto wanafundishwa kwa makofi mpaka wanakwenda shule. Huyu hajaacha hata kunyonya.

"Yampaye inka!" mzee akashangaa, akimwapia kwa Kirundi aliyempa ng'ombe, akamwitikia kwa mikono yote miwili.

Shemsa akaenda kwa wa pili, hivyo hivyo. Kwa wa tatu. Alizunguka ua mzima kama mgombea anayeomba kura. Akapewa karanga, akapewa kipande cha muwa, akapewa kuku hai ambaye tulimwacha kwa sababu ya pikipiki. Mama yangu alivimba kwa fahari.

"Huyo ni damu yangu," akatangaza. "Baba yake alikuwa anawasalimia wageni akiwa amejificha uvunguni."

Hilo nalo ni kweli.

Tulirudi Gitega nikiwa na kifua mbele. Siku ya mazoezi sikungoja hata tukae. "Mwonyeshe," nikamwambia mwanangu. Shemsa akamwendea Esperansi, akanyoosha wa kulia, akaushika kwa wa kushoto.

Esperansi alianza kutabasamu. Kisha tabasamu likabaki usoni peke yake, mwenyewe ameshaondoka.

"Nani alimufundisha?"

"Hakuna. Kazaliwa nayo," nikasema.

Alichukua mpira mdogo, akaushikisha mkono wa kushoto, akaufunika mkono huo kwa kiganja chake. "Shemsa, nisalimie sasa."

Mkono wa kulia ukabaki unaning'inia. Shemsa akautazama. Akatutazama sisi. Akautazama tena, kama mtu anayeutazama mlango akingoja aliye ndani afungue.

"Papa Shemsa," akasema Esperansi taratibu, "iyi si adabu. Iyi ni jeki. Iko nainua mukono na jeki."

Nilikaa chini, kwenye ncha ya benchi, na safari hii sikuanguka ingawa ningependelea kuanguka.

Msuli ulikuwepo, akaeleza. Neva ilikuwepo. Lakini ubongo ulikuwa haujui kama ule mkono ni wa nyumbani. Tulimdai mtoto mkono wa kulia, naye akatuletea kwa njia aliyoiweza: akaubeba kwa mwenzake, kama mtu anavyobeba mzigo. Na sisi tukampigia makofi. Giteranyi yote ilimlipa karanga ili asiutumie mkono wake.

"Tufanye nini?"

"Tumufunze kukosa adabu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Akisalimia na mikono mbili, mutu yeyote asimwitikie. Mukono moja tu, ya kulia, hata ikifika kwenye tumbo inatosha. Na wakati wa kucheza, kushoto muivalishe soksi ili ipumuzike. Siku ataitumia ya kulia bila mutu kumwambia, bila kufikiri, siku ile ndo ubongo imeikubali. Kabla ya pale tuko naomba tu. Na tusikawie, papa. Wino ya ramani iko nakauka."

Basi mtu wa ndani akatoka nje. Nilipita nyumba kwa nyumba Nyamugari, mtoto mgongoni, nikiwaomba watu wazima wamkatalie mwanangu heshima. Jirani yetu, mzee anayeuza mkaa, alinisikiliza mpaka mwisho huku amefumba jicho moja.

"Ngoja nisikie vizuri. Mutoto yako akinisalimia muzuri, nigeuze uso."

"Ndiyo, mzee."

"Akinisalimia kama mwizi, niitikie."

"Ndiyo, mzee. Kwa furaha."

"Baba Shemsa, mi nilisema siku nyingi, kukaa ndani vile itakuletea shida kwenye kichwa."

Lakini aligeuza uso. Nilimwona siku ya pili, Shemsa amesimama mbele yake na mikono yake miwili ya heshima, na mzee anatazama ukuta, machozi yanamlengalenga. Ilimwuma kuliko ilivyomwuma mtoto.

Soksi ilikuwa nyekundu, ya mpira wa miguu. Shemsa aliichukia kwa moyo wote. Nilimweka mbele ya ubao wa kusukumia chapati, soksi kushoto, donge kulia, nikamwambia piga. Alilipiga kidogo, akalia sana, akalipiga tena. Yale madonge yake niliyakaanga yalivyo, yamepinda, mengine yana alama ya vidole vinne, na wateja wakaanza kuyaulizia yenyewe. "Nipe ya fundi mdogo." Sikujua kama wananionea huruma au wanapenda ukubwa wake.

Nyumbani haikuwa rahisi. Mwamini akirudi, kitu cha kwanza ni kumvua mtoto soksi.

"Mutoto si kuku wa kufunga!"

"Basi mwambie wewe huo ubongo wake."

"Mi namwambia we. Analia kutwa nzima, we unahesabu maandazi."

Zikapita siku tunazungumza kupitia mtoto. Shemsa, mwambie baba yako chai iko tayari. Shemsa, mwambie mama yako nimesikia. Ramadhani ikaingia, nikafunga huku nakaanga vya wengine, hasira yangu ikapata na harufu. Kilichotupatanisha ni kitu kidogo: Mwamini alijifunga soksi yeye mwenyewe, mkono wa kushoto, akajaribu kufunga kilemba. Akashindwa, kikamwangukia usoni. Shemsa akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo ilikuwa saa ya soksi kwa nyumba nzima. Mimi nilimwaga mafuta. Ilisaidia kuliko ushauri wote.

Na mkono? Ukiuambia, ulikuja. Ulisukuma donge, ulisalimia mpaka usawa wa kitovu, kisha ukapanda usawa wa kifua. Usipouambia, haukuwepo. Ulikuwa kama kibarua: unaitwa, unafanya, unarudi kwao. Kila usiku kabla hajalala, na kila asubuhi, niliutazama nikitaka kuona unafanya kitu kwa hiari yake, hata kufukuza nzi. Nzi waliuzoea, wakautumia kupumzikia. Esperansi alizidi kusema "tungoje," lakini sauti yake ilikuwa inashuka, na mimi nilianza kulifikiria lile neno, ramani, kama mtu anayefikiria kiwanja ambacho kimeshapimwa na jina lake halimo.

Nikuambie mapema, usije ukangoja muujiza: mpaka leo ninapoandika, mkono wa Shemsa haufiki nyuma ya shingo yake. Ni mwembamba kuliko mwenzake, na akiuinua kiwiko kinatangulia. Zile chembe zilizokufa, zimekufa. Sikuandika kukudanganya. Nimeandika kwa sababu ya kilichotokea Idi iliyofuata.

Tulikwenda tena Giteranyi, pikipiki tena, macho yamefumbwa tena. Shemsa alimwendea bibi yake, akaurusha mkono wa kulia mbele, mmoja, mtupu, kama mtu anayedai chenji.

Mama yangu hakuupokea. Alinitazama mimi. "Mmemharibu mtoto."

Nikaeleza. Neva, chembe, ramani, jeki. Nilieleza vizuri, nadhani hata mwalimu wangu wa biolojia angenisahihishia.

"Mimi ubongo siujui," mama akasema, "adabu naijua. Majirani wamekuja kumwona mtoto waliyempa kuku. Kwangu atasalimia kama mtu." Akainama, akauchukua mkono wa kushoto wa Shemsa, akauweka chini ya kiwiko cha kulia. "Hivi. Umesahau? Hivi."

Nilifungua mdomo. Sijawahi kumbishia mama yangu nikiwa nimesimama. Mwamini akaniwahi.

"Mama," akasema kwa upole, akapiga goti kabisa, "mi naomba mutoto wa mikono mbili kwanza. Adabu tutamutafutia kisha."

Mama aliingia jikoni, na chakula cha mchana tulikula kwa kusikiliza vijiko. Majirani walikula haraka wakaondoka. Mwamini alinong'ona kwamba kesho tuondoke mapema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mimi ndiye niliyetaka kusafiri.

Asubuhi mama alimwita Shemsa uani amnawishe uso. Alileta beseni na sabuni, akachuchumaa, akamshika kisogo kama anavyowashika wajukuu wote, kwa mkono ambao hauna mjadala. Shemsa alikuwa na gunzi la mahindi ya kuchemsha mkono wa kushoto, bado lina punje, na hakuwa tayari kuliachia kwa ajili ya mtu. Maji yalikuwa ya baridi. Sabuni ikamwingia jichoni.

Mkono wa kulia ukaondoka ubavuni. Kiwiko mbele, bawa la kuku, ukapanda, ukapita kifua, ukapita bega, ukatua kwenye shavu la mama yangu. Pa!

Hakuna aliyekuwa amesema "kulia." Hakuna aliyekuwa amesema chochote. Gunzi lilikuwa bado mkono wa kushoto, halikutikisika.

Kule Giteranyi mtoto hampigi bibi yake. Hata kwa kuteleza. Niliinuka na karipio mdomoni, kwa mazoea tu, na Mwamini akanishika shati kwa nyuma kwa nguvu mpaka kifungo kikaruka.

Mama alibaki amechuchumaa, maji yanamdondoka kidevuni. Aliutazama ule mkono, ambao ulikuwa bado uko hewani, wenyewe umeshangaa.

"Ni upi huu?" akauliza.

"Wa kulia, mama," nikasema.

"Mmemwambia?"

"Hatujamwambia."

Akajifuta sabuni kwenye shavu. Akamsogelea Shemsa zaidi, magoti yote mawili chini kwenye tope la maji ya beseni, akageuza uso, akamletea shavu la pili.

"Na huku," akasema. "Haya, mjukuu wangu. Na huku."